Msafiri wa Peke Yake na Mwenyeji Wake: Historia Fupi ya Maandalizi ya Safari ya Visiwani

Utangulizi

Kila mwaka, likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Kigali hutuuliza swali lile lile: je, mtu anaweza kwenda Unguja peke yake? Mmoja huulizia nauli, mwingine usalama, mwingine hutaka kujua wazazi wake watasema nini. Wapo pia wanaouliza kama si afadhali kungoja mpaka wapatikane wenzao kumi wa kukodi gari pamoja. Chini ya maswali yote hayo kuna wasiwasi mmoja, nao ni kwamba kusafiri peke yako ni jambo geni, la watalii wa Ulaya, lisilo na asili katika desturi zetu.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yetu ni kwamba katika historia ya mwambao wa Afrika Mashariki msafiri wa peke yake alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Asiyekuwa wa kawaida ni msafiri asiye na mwenyeji. Huyo, alipotokea, alikuwa mtu aliyepatwa na msiba. Aidha, tutaonyesha kwamba maandalizi ya safari ya visiwani, tangu zamani, yamesimama juu ya mambo matatu: majira, mwenyeji na lugha. Fedha na karatasi ni muhimu, lakini huja baada ya hayo.

Suala hili si dogo kwetu. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Walimu wanahitajika. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kukaa mahali ambapo mtoto huota ndoto zake kwa Kiswahili anafundisha lugha aliyoipata vitabuni tu. Ndiyo maana tunaona kwamba namna ya kuipanga safari hiyo ni sehemu ya taaluma yetu.

Peke yake si ukiwa

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili hakichanganyi mambo ambayo lugha nyingine hulichukulia kuwa moja. Tukisema mtu amesafiri peke yake, tunaeleza hesabu tu: alikuwa mmoja. Tukisema ana upweke, tunaeleza hali ya moyo wake. Na tukisema mtu ni mkiwa, tunaeleza hali yake mbele ya jamii: hana ndugu, hana wa kumsimamia, hana mlango wa kupiga hodi. Mtu anaweza kuwa peke yake bila kuwa mpweke, na anaweza kuwa katikati ya umati akawa mkiwa.

Methali zetu nazo zinamwangalia msafiri kwa jicho hilo. Husemwa kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, maana akiwa ugenini mali na cheo chake havijulikani. Husemwa pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ya kwanza inamweleza mgeni kuwa mhitaji. Ya pili inamweleza kuwa baraka. Zote mbili zinakubaliana kwamba mgeni hakamiliki bila mwenyeji, na hakuna hata moja inayouliza alikuja na watu wangapi.

Majira kwanza

Kwa karne nyingi aliyepanga ratiba ya safari ya visiwani alikuwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Machi hivi, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa, nayo ndiyo iliyoyarudisha. Mfanyabiashara aliyekuja na Kaskazi hakuweza kuamka asubuhi moja akaamua kurudi kwao. Alilazimika kungoja upepo ugeuke.

Kungoja huko kulikuwa na matokeo makubwa. Mtu anayengoja miezi miwili au mitatu anahitaji mahali pa kulala, mtu wa kumwekea mali, na maneno ya kumwezesha kununua samaki. Kitabu kimoja cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, kijulikanacho kwa jina la Periplus, kinakitaja kisiwa cha Menouthias na mji wa biashara wa Rhapta katika pwani yetu. Kinaeleza kwamba manahodha waliotumwa huko kutoka Arabuni walikuwa watu waliowajua wenyeji, waliooana nao na walioielewa lugha yao. Ni jambo la kuzingatia kwamba tangu wakati huo sifa ya mtu aliyefaa kutumwa haikuwa ubaharia peke yake. Lugha na ujamaa vilihesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya safari, kama tanga na nanga.

Mgeni na mwenyeji

Shahidi wetu mkubwa katika jambo hili ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, aliyefika katika pwani hii mwaka 1331. Alitoka kwao akiwa kijana bila msafara wa ndugu zake. Alipofika Mogadishu aliikuta desturi ambayo aliieleza kwa urefu. Meli ikiingia bandarini, vijana wa mji walipiga makasia kwenda kuilaki, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja chakula kile na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alifikia katika nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo haikutambuliwa. Ni wale tu waliokwisha kuja mara nyingi na kujuana na watu ndio waliokuwa huru kufikia popote.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo aliambiwa kwamba mgeni wa namna yake hufikia kwa kadhi. Tunaona hapa kwamba swali la kwanza aliloulizwa msafiri halikuwa kuhusu fedha zake. Liliulizwa kuwa yeye ni mtu wa namna gani, ili apatikane mwenyeji anayemfaa.

Kutoka huko aliendelea mpaka Mombasa, kisha Kilwa, na miji hiyo yote miwili imo visiwani. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaona migomba, ndimu na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu. Kisha upepo ulipofaa akaondoka. Msafiri huyu wa peke yake alizunguka sehemu kubwa ya dunia ya wakati wake kwa kupokelewa na mwenyeji mmoja hadi mwingine.

Barua na lugha

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa mji mkuu wa Sayyid Said, na wageni wa aina mpya walianza kufika. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Unguja mwezi Januari 1844. Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Barua ile ilifanya kazi iliyofanywa na sahani ya chakula kule Mogadishu: ilitangaza kwamba mgeni huyu ana wa kumsimamia. Krapf alihamia Mombasa, na mwezi Julai mwaka huo huo mke wake na mtoto wao mchanga wakafariki dunia. Mwenzake Rebmann alikuja kumfikia mwaka 1846 tu. Katika muda huo wa msiba Krapf aliendelea na kazi ya lugha, akisaidiwa na kadhi wa mji katika kujaribu kufasiri kitabu cha Mwanzo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Bila kukubaliana na kila alichokiamini, twaweza kusema kwamba aliyafikia maneno yale kwa sababu walikuwapo wenyeji waliokubali kuketi naye.

Mwingine ni Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili ambavyo kila mwanafunzi wa historia ya lugha yetu anavijua: mwongozo wa sarufi ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Jina la kitabu hicho cha pili linakiri wazi kwamba hadithi zile ni za wenyeji. Kazi za namna hii ziliandaa njia ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendelea kukisanifisha. Kwa maneno mengine, lugha tunayoifundisha hapa Kigali ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika mazungumzo ya baraza na ukumbi kati ya wageni na wenyeji wao.

Waliofika bila kupanga

Hata hivyo, tutakuwa tumeipamba historia tukisema kwamba kila aliyefika kisiwani alipokelewa. Watu wengi zaidi kuliko hao tuliowataja walifikishwa Unguja kwa nguvu. Walitoka bara, wakafungwa minyororo, wakavushwa baharini, na wengi waliuzwa katika soko la Mkunazini mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Hao hawakupanga siku, hawakuchagua njia, na walipofika hapakuwa na aliyewaita wageni wake. Walivuka wakiwa wengi katika chombo kimoja, lakini kila mmoja wao alikuwa mkiwa kwa maana kamili ya neno. Anayetembelea kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali hapo ayakumbuke hayo, hasa sisi tunaotoka upande ule ule wa bara.

Mfano mwingine unatoka kisiwani kwenda nje. Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, aliondoka Unguja kwa siri mwezi Agosti 1866 ndani ya manowari ya Waingereza. Alifika Aden, akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa mwaka 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, kisha wakaenda Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ambayo alikuwa bado anajifunza lugha yake. Kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 1886, na maandishi yake mengine kuhusu maisha ya Ujerumani yalitolewa baada ya kufa kwake. Alikuwa binti wa sultani, lakini ugenini, bila mumewe na bila lugha ya kutosha, alikuwa maskini kama methali isemavyo. Visa hivi viwili havilingani kwa uchungu, wala hatuvilinganishi. Tunachosema ni kwamba vyote vinaonyesha ukiwa unakotoka: haukutokana na idadi ya waliokuwamo chomboni, ulitokana na kukosa mwenyeji.

Njia yetu ya bara

Mpaka hapa tumezungumzia watu waliokuja kwa bahari. Sisi wa Rwanda tuna njia nyingine. Vitabu vya historia vimezoea kueleza safari kutoka pwani kwenda bara: mgeni anafika Unguja, anaajiri wapagazi, ananunua shanga na nguo, anavuka mpaka Bagamoyo au Pangani na kuelekea magharibi. Ndivyo alivyofanya von Götzen, aliyeanzia Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na kuvuka Mto Akagera kwenye maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894. Ndivyo pia Kiswahili kilivyotufikia, katika vinywa vya wapagazi, askari na wafanyabiashara. Richard Kandt alipoweka makao ya utawala Kigali mwaka 1907, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya wale waliokuja pamoja naye, na baadaye kilipata makazi katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo. Alama yake iko hata katika Kinyarwanda: tukitaja saa, twasema saa tatu na saa sita, ingawa hesabu yetu ya kawaida ina maneno yake yenyewe.

Vitabu hivyo vina desturi moja inayostahili kutazamwa na wanafunzi wetu. Wengi wa wageni wale waliandika kana kwamba walisafiri peke yao. Lakini Sidi Mubarak Bombay aliwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron. Na ni Susi na Chuma ambao, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka pwani mwaka 1873 hadi 1874. Huo upweke wa msafiri mashuhuri ulikuwa wa kwenye karatasi tu.

Mwanafunzi wa Kigali anayekwenda Unguja leo anaipita njia ile ile kinyumenyume. Basi linaondoka Nyabugogo, linapita Kayonza na Kirehe, linavuka daraja la Rusumo pale pale kwenye maporomoko, kisha Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro mpaka Dar es Salaam. Ni nchi ya Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri wa karne ya 19. Kile ambacho msafara ulikitembea kwa miezi, basi hukimaliza kwa muda wa siku moja na nusu hivi au mbili.

Mpango wa leo

Tukiyachukua yale mambo matatu ya zamani, mpango wa leo unaweza kupangwa hivi.

Kwanza, majira. Boti za leo zina injini, lakini upepo na mvua havijastaafu. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Vuli huja mnamo Oktoba mpaka Desemba. Miezi ya Juni hadi Agosti ina Kusi, hali ya hewa ya ubaridi kidogo na mvua chache, ingawa bahari yaweza kuchafuka. Mwezi Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, nafasi nzuri kwa anayetaka kusikia lahaja ya kusini mwa kisiwa. Aidha, atazame kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Anayefika wakati huo atakuta mchana mkahawa mwingi umefungwa, lakini jioni atafunguliwa milango ambayo mtalii haioni.

Pili, njia na chombo. Anayechoka na basi anaweza kushuka Dodoma, maana tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo kasi huchukua saa mbili hivi. Tiketi inunuliwe kwenye dirisha la kampuni yenyewe, si kwa mtu wa njiani. Na mtu akiona chombo kimejaa kupita kiasi, asipande, hata kama nauli imekwisha lipwa. Mamia ya watu walikufa Septemba 2011 ilipozama Spice Islander I ikielekea Pemba, na wengine wengi Julai 2012 ilipozama Skagit iliyotoka Dar es Salaam. Akumbuke pia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja; wapo waliofika bandarini boti imeondoka.

Tatu, karatasi: pasipoti au hati ya safari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya Idara inayomtambulisha mwanafunzi. Ofisa wa uhamiaji yupo katika bandari ya Malindi hata kwa anayetoka Tanzania Bara. Barua ya Idara isidharauliwe. Ni mtoto wa ile barua ya Sayyid Said.

Nne, masurufu. Kinyarwanda tunasema impamba, chakula na matumizi ya njiani. Fedha zigawanywe mahali pawili, na nauli ya kurudi iwekwe kando, isiguswe.

Tano, na kubwa kuliko yote, mwenyeji. Kazi hii ianze miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Mwanafunzi aandike kwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au amwulize imamu, padri au mfanyabiashara wa hapa Kigali mwenye jamaa kule. Wazee wa Nyamirambo wana ndugu katika pwani yote. Asiyepata familia atafute nyumba ndogo ya wageni inayoendeshwa na mwenyewe, mahali ambapo atakayepika chai ndiye atakayeuliza amelalaje. Asifike bandarini bila jina la mtu. Akifika bila jina, watakaompokea ni wale ambao Waunguja wenyewe huwaita papasi, yaani kupe, kwa jinsi wanavyomgandama mgeni. Papasi ni mwenyeji wa uongo: naye huja kukulaki chomboni, lakini hakuna aliyempa sahani.

Kundi au peke yake?

Wapo wenzetu wanaoona kwamba safari ya kundi ni bora. Hoja zao ni nzito: nauli hupungua, usalama huongezeka, na wazazi hulala usingizi. Tunazikubali kama hoja za usalama. Lakini kama hoja za lugha, hazisimami. Tumewaona wanafunzi wakienda ishirini na kurudi ishirini, wamepiga picha Forodhani na kula urojo, na Kinyarwanda hakikutoka midomoni mwao tangu Rusumo mpaka Rusumo. Kundi hubeba nchi yake pamoja nalo. Mmoja aliyekijua Kiswahili zaidi huwasemea wote, nao wengine huwa wageni wa mwenzao badala ya kuwa wageni wa Waunguja.

Aliye peke yake hana wa kumsemea. Lazima apige hodi mwenyewe na kungoja karibu. Lazima amwamkie bibi kwa shikamoo na aijue sauti ya marahaba yake. Sokoni Darajani atajifunza kwamba nyanya aliyoisoma kitabuni inaitwa tungule, viazi ni mbatata, na shule ni skuli. Atakaposema kurara akimaanisha kulala, mtoto atamcheka, na kicheko hicho kitamrekebishia r na l kuliko mihadhara yetu ya muhula mzima. Akiketi barazani na kikombe cha kahawa chungu pale Jaws Corner, jioni ya kwanza ataelewa nusu, ya pili zaidi kidogo, na ya tatu ataulizwa Rwanda iko vipi. Hapo ndipo somo linapoanza, maana sasa yeye ndiye mwenye habari.

Kuhusu wanafunzi wa kike, hatutaki kulipunguza jambo. Hofu ya wazazi ina msingi, na katika mji wenye desturi zake mwanamke asiye na mwenyeji huulizwa maswali mengi kuliko mwanamume. Lakini jibu la desturi ile ile limo ndani yake. Binti aliyefikia katika nyumba yenye mama ana ulinzi ambao kundi la wanafunzi kumi katika hoteli halina, na anaingia ukumbini na jikoni, ambako mwanamume mgeni haingii. Avae kwa kuheshimu mji, awe na kanga begani, arudi nyumbani kabla giza halijakomaa, na mwenyeji wake ajue alikokwenda. Kama mwenyeji wa namna hiyo hajapatikana, basi tunasema wazi: safari iahirishwe mpaka apatikane. Ushauri huo huo tunawapa wavulana.

Tahadhari moja ya mwisho ni kwa mgeni mwenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayekaa wiki tatu katika nyumba ya watu achangie chakula, abebe ndoo, awasaidie watoto masomo yao. Mwenyeji si mtumishi wa utafiti wetu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba safari ya peke yako kwenda visiwani si desturi iliyoletwa juzi na watalii. Kaskazi ilileta watu mmoja mmoja, na pwani ikawa na utaratibu wa kuwapokea. Utaratibu huo ulisaidia kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya watu wengi. Palipokosekana mwenyeji, kama ilivyokuwa kwa waliofikishwa Mkunazini, palikuwa na dhuluma au msiba. Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi anayeuliza kama anaweza kwenda Unguja peke yake ni ndiyo, kwa sharti kwamba asiende bila mwenyeji.

Kinyarwanda kina methali isemayo: akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze, yaani kindege kisichoruka hakijui mtama ulikoiva. Tunapendekeza Idara iweke daftari la wenyeji: kila anayerudi kutoka Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa aandike, kwa ruhusa ya waliompokea, nyumba aliyofikia na namna ya kuwasiliana nao, ili anayefuata asianze upya. Daftari la kurasa mia moja linatosha kuanzia. Na kwa kuwa ugeni ni deni, tuweke pia orodha ya pili, ya nyumba za Kigali zilizo tayari kumpokea mwanafunzi wa Unguja siku atakapokuja kwetu peke yake.